Usimpeleke mtoto wako mtandaoni na anwani yake: mwongozo kwa wazazi wa Ngara na Biharamulo (na vijana wanaowapostia)



Mada ya leo ni ya wazazi, lakini naiweka hapa kwa vijana makusudi kabisa. Sababu ni moja: wanaowapostia wazazi ni sisi. Mama anakupa simu anakwambia "hebu niwekee hii picha ya mdogo wako Facebook, waione shangazi zako". Baba anakutuma steshenari ukaskani cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako, halafu ukitume kwa mjomba Mwanza kwa WhatsApp. Kidole kinachobonyeza ni chako. Kwa hiyo soma hii, halafu ukifika nyumbani uwaeleze na wao.

Nimeigawa kwa vichwa ili ukiwa na dakika chache tu za kukaa kwenye kompyuta usome kile unachokihitaji.

1. TAARIFA BINAFSI ZA MTOTO NI ZIPI?

Wengi wakisikia "taarifa binafsi" wanafikiria namba ya siri ya benki. Mtoto hana benki, basi wanaona hana cha kuibiwa. Sio kweli. Taarifa za mtoto ni hizi:

- jina lake kamili (la kwake, la baba, la babu)
- tarehe ya kuzaliwa na mahali alipozaliwa
- shule anayosoma, darasa, na sare yake
- sura yake
- njia anayopita, saa anazotoka na kurudi
- ugonjwa alionao, dawa anazotumia, kadi ya kliniki
- vyeti vyake: cha kuzaliwa, cha ubatizo, ripoti ya shule
- majina na namba za simu za wazazi wake

Kimoja kimoja havina shida sana. Shida inaanza vikikaa pamoja. Chukua mfano wa kubuni, posti ya kawaida kabisa ambayo kila mtu ameshaiona: "Hongera mwanangu Fulani kwa kutimiza miaka 7 leo, Mungu akukuze, darasa la pili sasa!" Picha imepigwa mbele ya kibao cha shule, mtoto kavaa sare. Chini yake bibi kaandika "mjukuu wangu, kafanana na marehemu babu yake", na kalitaja jina la babu. Shangazi kauliza "bado mnakaa kule kule karibu na kanisa?" Mama kajibu "ndio wifi, karibu sana".

Hesabu sasa. Jina kamili lipo. Tarehe ya kuzaliwa ipo, siku, mwezi na mwaka. Shule ipo, darasa lipo, sura ipo, nyumba inajulikana ilipo, na mama, bibi na shangazi wote wana akaunti zao pale pale. Hakuna aliyetoa siri. Kila mmoja katoa kipande kidogo kwa upendo, na vipande vikaungana vyenyewe.

2. KWA NINI KWETU NI TOFAUTI NA DAR

Kuna watu wanasema mambo haya ni ya Ulaya na ya mjini, sisi huku hatujulikani. Mimi nasema ni kinyume chake. Dar es Salaam mtu akijua mtoto anaitwa fulani na anasoma shule ya msingi, bado ana kazi ya kumtafuta. Huku kwetu, mtu akishuka stendi ya Biharamulo mjini, au Nyakanazi, au Rulenge, akataja jina la baba na shule ya mtoto, bodaboda wa kwanza anampeleka mpaka mlangoni, tena kwa roho safi, kwa sababu huku mgeni anasaidiwa. Huo ndio utu wetu na sisemi tuuache. Ila ujue kwamba mji mdogo unahitaji vipande viwili tu kumpata mtoto, ambapo mji mkubwa unahitaji sita.

Jambo la pili ni barabara. Lusahunga na Nyakanazi ni njia panda. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita usiku na mchana, wasafiri wanalala, wanakula, wanaondoka. Ngara ina mipaka miwili, Rusumo kwenda Rwanda na Kabanga kwenda Burundi. Watu wengi wanaopita ni watafutaji wa riziki wasio na ubaya wowote. Lakini mahali ambapo mgeni hashangazi mtu, mwenye nia mbaya naye hashangazi mtu. Na mpaka ukiwa karibu, kumfuatilia aliyeondoka ni kazi ngumu zaidi.

3. HATARI ZENYEWE

a) Simu ya uongo kuhusu mtoto

Utapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" kila mtu anaujua. Lakini kuna mwingine unaouma zaidi: mzazi anapigiwa simu, "Mimi ni mwalimu, mwanao ameanguka ghafla, tumemkimbiza hospitali, tuma hela ya dawa haraka." Mzazi mwenye mtoto bweni akisikia hivyo akili inaruka. Kinachomfanya aamini ni kwamba mpigaji anataja jina la mtoto, shule na darasa.

Jina kalitoa wapi? Mara nyingine kwenye posti za mzazi mwenyewe. Mara nyingine kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, ambapo kila aliyemo anaona namba za wenzake wote. Linki ya grupu ikisambazwa ovyo, yeyote anaingia na hakuna anayemuuliza ni mzazi wa nani.

Dawa: kata simu, ipigie shule kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Usipige ile iliyokupigia. Kama kweli mtoto anaumwa, dakika mbili za kuhakikisha hazitamuumiza.

b) Picha ya mgonjwa na mchango wa uongo

Mtoto anaumwa, familia inaomba msaada. Picha inawekwa, jina la hospitali, namba ya simu ya kutumia hela. Baada ya muda picha ile ile inatokea kwenye ukurasa mwingine na namba ya mtu mwingine kabisa. Mtoto ni wa kweli, ugonjwa ni wa kweli, hela inaenda kwa tapeli. Na baadaye familia ikirudi kuomba tena, watu wanasema "hao ndio matapeli wa juzi". Huo ndio uchungu wake.

Kama lazima kuomba mchango, andika namba na jina lililosajiliwa JUU ya picha yenyewe, katikati, sio pembeni ambako panakatwa kirahisi. Na picha iwe ya heshima. Mtoto akipona atakua, na ile picha itamkuta shuleni.

c) Wizi wa utambulisho

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtoto mdogo huenda bado hana namba hiyo. Lakini ukiposti "leo anatimiza miaka 7", tarakimu 8 za baadaye zimeshajulikana. Cheti cha kuzaliwa kikiwekwa chote mtandaoni, hapo umetoa na namba ya kumbukumbu, majina ya wazazi na mahali alipozaliwa.

Kwa wilaya za mpakani jambo hili lina uzito wake. Huku kuulizwa "wewe ni raia wa wapi, wazazi wako wanatoka wapi" ni kitu cha kawaida unapotafuta kitambulisho. Karatasi ya mtoto ni mali. Mtu mwingine akiitumia kwanza, atakayesumbuliwa kujieleza miaka kumi baadaye ni mwenye nayo halali.

Nchi za wenzetu wameshaanza kupiga hesabu. Mwaka 2018 benki ya Barclays ya Uingereza ilikadiria kwamba ifikapo 2030, theluthi mbili ya wizi wa utambulisho utakaowakuta vijana wa huko itatokana na vitu ambavyo wazazi wao waliviposti. Na huko nyuma, mwaka 2010, kampuni ya AVG iliwauliza akina mama wa nchi kadhaa, ikakuta kwamba Marekani watoto 92 katika kila 100 walikuwa tayari wana kitu mtandaoni kabla ya kufikisha miaka 2. Yaani mtoto hajajua kusema "mimi" lakini mtandao unamjua.

d) Picha kuchukuliwa na watu wachafu

Hili halipendezi kulisema ila lazima lisemwe. Picha ya mtoto anaogeshwa kwenye beseni, kwako ni kichekesho. Kuna watu wanazikusanya picha hizo. Na siku hizi hata picha ya mtoto aliyevaa nguo zake zote inaweza kugeuzwa kwa akili mnemba ikawa ya uchi. Shirika la Internet Watch Foundation la Uingereza lilitoa ripoti yake kuhusu picha za namna hiyo Oktoba 2023, sio hadithi ya kutishana.

Hapa Tanzania utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotoka 2022 ulikuta kwamba watoto 4 katika kila 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Ukiizidisha kwa nchi nzima walikadiria watoto 200,000 hivi. Sisemi wote hao walianzia kwenye posti za wazazi. Ninachosema ni kwamba mtu anayemwandikia mtoto "mimi ni rafiki wa mama yako, nilikuona siku ya kipaimara" anaaminika haraka, kwa sababu kweli picha za kipaimara anazo.

e) Watoto wenye ualbino

Hiki kipengele nakiomba kila mtu akisome mara mbili. Usiku wa tarehe 30 Mei 2024, wilaya ya Muleba, mkoa wetu huu huu wa Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana tarehe 17 Juni 2024. Watu 9 walifikishwa mahakamani Bukoba, na miongoni mwao walikuwemo watu wa karibu na mtoto.

Siitaji kesi ile kwa sababu ya mtandao. Naitaja kwa sababu inatukumbusha kwamba Kanda ya Ziwa bado kuna watoto ambao kujulikana wanakolala ni suala la uhai. Mtoto wa namna hiyo picha yake haitakiwi kubeba jina la kijiji, wala shule, wala nyumba nyuma yake. Hata wewe jirani, hata wewe mwanafunzi mwenzake, hata wewe wa shirika uliyekuja kugawa kofia na mafuta ya ngozi. Ukitaka kuonyesha msaada wako, piga picha ya kofia.

4. BENACO ILITUFUNDISHA NINI

Wadau wa Ngara mtanielewa. Mwisho wa Aprili 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Katika watu wengi namna ile, watoto walipoteana na wazazi. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wakafanya kazi ya kuandika majina yao na kuwatafutia ndugu.

Kazi hiyo ina kanuni yake mpaka leo. Mtu akija akasema "huyu ni mwanangu", hakabidhiwi mtoto kwa sababu tu amelitaja jina. Anaulizwa mambo ambayo ndugu wa kweli ndiye anayajua, halafu majibu yanalinganishwa na ya mtoto. Jina linaweza kusikika na yeyote, la nyumbani linajulikana na wa nyumbani.

Sasa ona tunachofanya sisi. Vile vya nyumbani, jina la utani la mtoto, jina la mbwa, chakula anachopenda, jina la bibi aliyemlea, ndivyo tunavyoviweka hadharani. Tunampa mgeni majibu ya mtihani kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo ushauri: kila familia iwe na neno moja la siri. Mtu yeyote akija kumchukua mtoto shuleni akisema "nimetumwa na mama", mtoto aulize neno. Halijui? Haondoki naye, hata kama anajua jina lake, la baba yake na siku aliyozaliwa. Neno hilo lisiandikwe popote, si Facebook, si kwenye grupu, si kwenye daftari.

5. SHERIA INASEMAJE

- Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu. Mtoto ni mtu.
- Sheria ya Mtoto ya 2009: mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18.
- Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa, na kusambaza picha chafu za watoto ni kosa kubwa.
- Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023: taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Shule, zahanati au shirika linalokusanya taarifa za mwanao linawajibika, na una haki ya kuuliza wanazifanyia nini.

Nje huko, Ufaransa walipitisha sheria Februari 2024 ambayo hakimu anaweza kumkataza mzazi kuposti picha za mtoto wake. Kwetu bado mzazi anaaminiwa. Basi tuistahili hiyo imani.

6. UKIWA KAFE AU STESHENARI

Hapa ndipo penye kazi yenu wadau. Msimu wa kuomba mkopo wa chuo, vyeti vya kuzaliwa vinaskaniwa kila siku, kwa sababu lazima vihakikiwe na RITA. Kompyuta ya kafe inabaki na kila kitu.

- Ukimaliza kuskani, simama pale pale hadi faili lifutwe. Lifutwe na kwenye pipa la taka la kompyuta.
- Angalia folda ya vitu vilivyoshushwa. Ukikuta vyeti vya watu, vifute, usivifungue.
- WhatsApp ukiifungua kwenye kompyuta, ukimaliza TOKA. Kufunga dirisha tu hakutoshi, anayekuja baada yako atazisoma meseji za nyumbani kwenu.
- Usikubali kivinjari kikumbuke neno lako la siri.
- Kopi iliyotoka vibaya kwenye printa ichane, usiiache. Wengine tumeshafungiwa maandazi na ripoti za shule za watu.
- Fleshi yako usiiache imechomekwa.

Kuhusu picha za simu: simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa kama GPS imewashwa. WhatsApp na Facebook huiondoa taarifa hiyo ukituma picha kawaida, lakini ukiituma kama faili au kwa barua pepe inakwenda nayo. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima mahali.

7. MASWALI MATANO KABLA YA KUPOSTI

1. Picha inaonyesha shule, sare, kibao au nyumba? Kata au ficha.
2. Nimeandika jina kamili na tarehe kamili? Andika "hongera mwanangu" inatosha, wanaomjua wanajua ni nani.
3. Tupo hapo sasa hivi? Posti mkishaondoka.
4. Wataiona akina nani? Weka marafiki tu, na hao marafiki wapunguze. Ndugu watumie moja kwa moja.
5. Mtoto akiwa na miaka 20 ataifurahia? Kama ameshakuwa na akili ya kujibu, muulize leo.

Najua kuna atakayesema "sasa tusiposti kabisa?" Hapana. Bibi yuko Biharamulo, mtoto yuko Mwanza, baba yuko safarini, picha ndiyo inayowaunganisha. Furaha ya mtoto kuhitimu darasa la saba ni ya ukoo mzima. Ninachosema ni kwamba picha imfikie bibi bila kupitia kwa watu elfu tatu usiowajua.

8. IKISHATOKEA

- Usifute ushahidi. Piga skrinshoti ionekane akaunti, namba na tarehe, ndipo uripoti akaunti hiyo kwenye mtandao husika.
- Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma: peleka kwenda 15040.
- Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako: *106#
- Mtoto yuko kwenye hatari au ananyanyaswa: piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Dharura ya polisi ni 112.
- Kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri zote mbili, Ngara na Biharamulo, zina ofisi ya Ustawi wa Jamii.
- Mtoto akikuambia kuna mtu anamsumbua mtandaoni, usimchape wala kumnyang'anya simu papo hapo. Ukimchapa leo, kesho hatakuambia.

Chapisha hii, ubandike kwenye ukuta wa kafe au uwasomee wazee nyumbani, ruksa. Na kama kuna mbinu ya matapeli umekutana nayo huko Kabanga, Nyakahura, Murugwanza au kokote, iandike kwenye maoni hapo chini ili wengine wajue. Ila tafadhali, usitaje jina la mtoto.